Wiki Mbili za Nzilo

Mwezi uliopita watoto wa kaka yangu walinichukua kwenda kupumzika Nzilo. Siku hizi watu wa Kolwezi wakichoka na vumbi la mjini hukimbilia huko, kwenye ziwa la bwawa la umeme. Kuna viti vya plastiki mchangani, samaki wa kuchoma, na muziki wa kupasua masikio. Binti mmoja akaniuliza, "Mama, weye ulifikaka huku?" Nikamjibu kwamba nilifika. Sikuongeza neno, maana yale niliyokuwa nayo hayasemwi kwa kushindana na muziki. Acha nikusimulie wewe.

Zilikuwa enzi za Zaire, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Mama yangu mdogo, kitinda mimba wa kwao, alikuwa ameolewa na fundi wa umeme pale bwawani. Mwaka huo mumewe aliambiwa anahamishwa. Wapi, hakuna aliyejua kwa hakika: leo ilisemwa Dilolo, kesho Lubudi. Akatangulia peke yake kufuatilia barua yake ya uhamisho na kutafuta nyumba. Kabla hajarudi, familia ya fundi mpya ikafika na vitanda vyao, ikasimama uani kungoja. Mama mdogo akatoka katika nyumba ile ya matofali, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Mvuvi mmoja na mkewe wakamhurumia, wakampa kibanda cha matete walichokuwa wakiwekea nyavu, kando ya maji.

Mama alinifungia nguo mbili katika kitambaa. "Enda ukamusaidie mama yako mudogo," akaniambia. "Ni wiki mbili tu za vakansi."

Wiki mbili hizo zikawa miezi mitatu.

Usidhani kwamba ufuko ule ulikuwa wa jua na kuogelea. Kiangazi chetu ni baridi. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa lote, na nilipoloweka nepi za mapacha vidole vilikufa ganzi hadi kwenye kiganja. Nilizianika juu ya majani makavu. Mchana, moto wa porini ulipowaka ng'ambo, majivu meusi yalizidondokea, nami nikaanza upya. Nilisugua sufuria kwa mchanga. Nilisonga bukari, ugali wetu, tukala na samaki wadogo wa kukaushwa, siku nyingine na sombe, majani ya muhogo, tuliyopewa na mke wa mvuvi. Mama yule alikuwa mwema lakini Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na Kilunda mimi sikukijua. Tulizoea kuchekeana tu.

Watoto wa umri wangu walikuwa juu, kwenye nyumba za matofali. Wiki ya kwanza walishuka kunitazama. Kisha mama zao wakawakataza, kana kwamba kukosa nyumba ni ugonjwa wa kuambukiza. Nikabaki na mapacha wasiojua kusema, na ndege weusi waliotua juu ya visiki vya miti iliyozama siku walipofunga mto. Nilijikuta nikizungumza na sufuria.

Mama mdogo alikataa kufungua mizigo. Tulipohitaji kijiko, tulilegeza kamba, tukatoa kijiko, tukakaza kamba. Tukimaliza kula, kijiko kilirudi ndani. Nilipolalamika akasema, "Nikifungua bitu, tutabakia." Kila asubuhi alichana nywele, akavaa kitenge chake kizuri, akaketi juu ya sanduku akiitazama njia. Siku za mwanzo alinitania: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Na weye siku ya kwanza nilikupa nepi." Tulicheka sana. Kadiri wiki zilivyopita, mzaha ukamwishia.

Mchana mmoja mwanamke wa kule juu alishuka kununua samaki. Akamwangalia mama mdogo pale kwenye sanduku, akasema, "Mama, usijichokeshe na kungoja. Mwanaume akipata kazi kule, anapata na jiko ya kule."

Mama mdogo alicheka. Akanyanyuka, akanipa pacha wa pili ili niwe nao wote wawili, akaelekea majini. Aliingia na kitenge chake kizuri, hadi magotini, hadi kiunoni, akasimama. Hakugeuka. Nilimwita mara moja, mara ya pili. Mapacha wakaanza kulia, nami nikawaacha walie kwa nguvu, hata nikambana mmoja ili sauti ifike. Hatimaye akarudi taratibu.

"Nilikuwa nasafisha tu miguu," akasema, huku maji yakimchuruzika.

Tangu siku hiyo sikumwacha hatua moja. Alipokwenda kuokota kuni nilikwenda, pacha mgongoni. Alipokwenda kuoga niliketi juu ya jiwe. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Hapo ndipo nilipojua upweke, ndugu yangu. Si kukosa watu. Ni kubeba jambo ambalo huna wa kumshirikisha, hata yule unayelibeba kwa ajili yake.

Shule zikafunguliwa. Nilisikia watoto wa juu wakipita njiani wakiimba, nikajua kwamba darasani kwetu Kolwezi mwalimu alikuwa anasoma majina, na langu halikuwa na wa kuliitikia.

Kisha, asubuhi moja, kamyo ya mizigo ikashuka. Dereva alikuwa na barua ya baba mdogo: ni Lubudi, nyumba ipo, njooni. Mama mdogo alibusu karatasi ile, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Nilikaza kamba za mwisho kwa furaha, nikijiona nimeketi juu ya magodoro.

"Mama, huyu mutoto hapana," dereva akasema. "Juu bitu bimejaa, ataanguka. Mbele kuna nafasi yako na ya bale badogo tu."

Mama mdogo alinitazama, akaitazama kamyo. "Bakia na mama huyu," akaniambia upesi upesi, akimwonyesha mke wa mvuvi. "Njia ya Lubudi haipite Kolwezi. Nitatuma habari, tata yako atakuja kesho."

Wakaondoka. Nilikuwa bado na kipande cha kamba mkononi.

Baba alikuja siku ya tisa. Habari alipewa mtu wa baiskeli, naye akaikumbuka alipokutana na baba sokoni. Katika siku hizo mke wa mvuvi alinipa samaki wanene kuliko wa kwake, lakini mimi nilikuwa nimezoea kuhitajiwa. Kila asubuhi nilifagia kibanda kitupu. Mgongo wangu ulisikia baridi pale pacha alipokuwa akilala. Majini sikusogea; niliogopa kupatazama mahali pale aliposimama.

"Bengine bako wapi?" baba akauliza, akiegemeza baiskeli.

"Baliendaka."

"Lini?"

Nikaona jinsi alivyokaza kinywa, nikajua jibu la kweli angelipeleka kwa mama, na kutoka kwa mama lingefika Lubudi kama ugomvi. "Juzi," nikasema.

Miaka mingi baadaye, mama alipofariki, mama mdogo alikuja Kolwezi kutoka Kasai walikokuwa wamehamia. Alikuwa amekonda, na meno machache. Kwenye mkeka akawaeleza wanawake wenzake: "Huyu njo alinisaidia Nzilo. Na mi sikumuacha hivihivi. Tata yake alifika, akamukamata mukono, njo mi nikapanda kamyo."

Wanawake wakaitikia kwa kunisifu. Nilimchunguza macho. Hakuwa anadanganya, ndivyo alivyokumbuka. Labda ndivyo alivyolazimika kukumbuka ili aweze kulala.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni vile."

Baba hayupo tena. Mvuvi na mkewe walikwenda zao, sijui hata wamezikwa wapi. Mapacha ni watu wazima, wanajua walizaliwa Nzilo, basi. Mama mdogo naye tulimlilia mwaka juzi. Kati ya wote waliokuwa pale, hakuna aliyebaki wa kusema kwamba siku zile nilizongoja peke yangu zilikuwa tisa.