Mruko wa Kona ya Mbali

Binti yangu huzunguka kinyume. Watelezaji wengi wa barafu huruka wakigeukia kushoto. Yeye hugeukia kulia. Mama yangu, tunayeishi naye Walthamstow, aliligundua hilo kabla yangu, akitazama video kwenye simu huku akimenya viazi.

"Wenzake wote wanazunguka kama watu wanaotufu Al-Kaaba," alisema. "Huyu peke yake anarudi. Nani kamfundisha?"

"Hakufundishwa, Mama. Ni mtu wa mkono wa kushoto, ndivyo alivyo."

"Basi mwacheni. Wewe nilikufunga mkono wako kwa kitambaa, na mwandiko wako mpaka leo kama kuku kapita."

Mimi sikufundishwa mchezo huu na mtu. Nilisoma kanuni zake mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa sababu siwezi kukaa mahali watu wanapopewa alama bila ya kujua zinatoka wapi. Nilielewa kwamba mruko usiotimiza mzunguko wake hupunguziwa thamani, na kwamba kwenye mashindano makubwa kuna kamera za kurudia picha. Kwenye mashindano ya klabu, Jumapili asubuhi, kuna jicho la jaji, blanketi na chupa ya chai.

Katika mashindano mawili mfululizo, mruko wake wa mizunguko miwili ulipunguziwa. Mwalimu wake akashauri, kwa upole, ajifunze kugeuka kama wenzake. Maana yake ni kuanza upya na kuanguka upya, kama mtoto wa miaka mitano, naye alikuwa na kumi na tatu. Kwenye basi aliniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba akipunguziwa tena atakubali kugeuzwa. Lakini kwanza anataka aambiwe alikosea wapi.

Jumapili hiyo uwanja ulikuwa na ukungu. Nje kulikuwa na joto, milango ilikuwa wazi, na barafu ilitoa moshi mwepesi ambamo watoto walitokea na kupotea kama watu unaowakumbuka nusu nusu. Muziki ulishuka kutoka darini polepole, kama unaopita ndani ya maji. Binti yangu alikuwa wa mwisho katika kundi la mwisho. Aliruka mara mbili, zote kwenye kona ya mbali wasikofika wenzake, kwani anayekwenda kinyume huishia kwingine. Mimi nilikaa karibu na kona hiyo. Niliona miruko yote miwili imetimia, ningeweza kuapa. Majaji, upande wa pili, waliona mgongo.

Matokeo yalipobandikwa, miruko yote miwili ilikuwa imepunguziwa.

Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya jaji mkuu, bibi mwenye mvi aliyevaa viatu vya manyoya.

"Samahani," alisema. "Sitaki ubadilishe. Nataka tu kujua nilikosea wapi."

Jaji alimtazama, kisha akaitazama ile kona. Mashine ya kusawazisha barafu ilikuwa inaingia. Akainua mkono, dereva akazima injini.

"Zamani tulikuwa tunapiga magoti na kusoma michoro ya viatu kwenye barafu," alisema. "Njoo."

Walivuka wameshikana mikono, ukungu ukiwafika kiunoni. Niliwasubiri nyuma ya ukuta mfupi wa kona, nikasikia kila neno.

"Kona hii ni yako peke yako," alisema jaji. Ilikuwa kweli. Kwingine kote barafu ilikuwa imechanwachanwa. Hapo palikuwa na mistari ya mtu mmoja. Jaji alipiga magoti kwa shida. Mstari wa kwanza ulianza kwa kipindo, kama ndoana. "Hapa ulitua kabla hujamaliza, ukamalizia kuzunguka chini. Unaona?"

"Naona."

Hata mimi niliona, mimi niliyetaka kuapa.

Mstari wa pili ulikuwa laini kama uzi. Jaji aliupitishia kidole.

"Huu ulitimia," alisema. "Nilikosea mimi. Sikuuona vizuri, nikaukisia kwa ule wa kwanza."

"Ningezunguka kama wenzangu ungeuona?"

"Ningeuona."

"Matokeo yatabadilika?"

"Hapana. Yameshatangazwa, kanuni haziniruhusu. Lakini nitamwambia mwalimu wako sasa hivi, mbele yako. Na safari ijayo jaji mmoja atakaa upande huu. Nitakaa mimi, kama hakuna mwingine anayeutaka ubaridi wa mlangoni."

Alimwambia mwalimu pale pale, bila ya kushusha sauti. Dereva akauliza, "Mabibi, naweza sasa?" na mashine ikapita, ikafuta ndoana na uzi kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alimuuliza kama waanze kumgeuza. Binti yangu alitikisa kichwa, akaenda kwenye kona yake. Mimi nilikuwa nimehama hapo konani. Siku hizi hukaa nyuma ya mahali pa majaji, nione wanachokiona wao, na kusema kweli ni kidogo: mgongo, mkono ulionyooka, vumbi jeupe. Siku ile aliruka, akatua, akaja mpaka ukutani akihema.

"Mruko umetimia?" nilimuuliza.

Alifikiri kidogo. "Bado, Baba. Umepungua," alisema, kwa Kiswahili, akarudi kuruka tena, upande wake.