Kitambaa cha Meneja na Nyuzi Ishirini na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Majengo, Sumbawanga, hakunipa hata bisibisi. Alinisimamisha mbele ya kompyuta, akanionyesha joto la prosesa, kile kidude kinachofanya hesabu zote. Kioo kilisema nyuzi nne. Ilikuwa asubuhi ya Juni, tumejikunyata ndani ya makoti.

"Humu ndani maji yanakaribia kuganda?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi namba inakudanganya. Feni hupuliza hewa ya humuhumu. Haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko chumba."

Akaongeza kwamba kihisi, yaani kipima joto cha ndani, kimewekwa kulinda mashine isiungue, na kwenye baridi hubahatisha tu. Nilimwona mzee mwenye maneno mengi, nikamcheka moyoni.

Baadaye nilihamishiwa Kasanga, kando ya ziwa, ofisi ya mizigo ya boti. Kompyuta ilikuwa ikizimika kila mchana, na Meneja alishapata mchawi wake: Zuhura, karani, mjane mwenye watoto watatu.

"Anaizima mwenyewe akichoka," Meneja aliniambia. "Tazama, nyuzi ishirini na mbili. Joto liko wapi? Jumatatu namwachisha kazi."

Zuhura aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Iliniuma sana. Nje, mbuzi walikuwa wamekimbilia kivulini, na shati langu limenigandia mgongoni.

"Bosi, unasikia baridi?"

"Baridi Kasanga? Huoni jasho hili?"

"Sasa prosesa imetoa wapi ubaridi ambao chumba hakina?"

Niligusa ubavu wa kompyuta, nikaurudisha mkono upesi. Kihisi kinachosomwa na programu kilikuwa kimekwama kwenye namba ileile. Prosesa ina kinga yake nyingine, na ndiyo iliyokuwa ikizima mashine isiungue. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kama tunavyofunika redio na televisheni sebuleni.

"Kitambaa cha nani hiki?" niliuliza.

"Cha Meneja," Zuhura alisema taratibu. "Alikileta ofisi ipendeze."

Meneja alikikunja mwenyewe, akakitia mfukoni. Jumatatu ikapita, Zuhura yuko mezani pake.

Sasa nimestaafu, nimerudi Sumbawanga. Vijana huja: "Shikamoo babu, inasoma thelathini, iko poa." Nawaambia waweke kiganja kwanza. Hunicheka, kama nilivyomcheka Fundi Mkuu.

Zuhura bado hunitumia samaki wakavu, migebuka, kwa basi. Juzi aliyeuleta mzigo mlangoni alikuwa kitindamimba wake, mwalimu sasa. Alisema mama yake aliwasomesha wote watatu kwa mshahara wa meza ileile.