Mwenye Nikumbushe

Fundi Mikono alikuwa na mikono miwili kama wewe, ila yake ilikuwa na akili. Simu iliyokufa ikifika kibandani kwake ilifufuka na adabu juu. Kwa mikono hiyohiyo akatengeneza programu ya simu ya kumkumbusha mtu shughuli zake: dawa, mkutano, nguo zilizoanikwa. Akaiita Nikumbushe. Kila aliyeleta simu aliondoka na programu hiyo ndani yake, awe ameiomba au hakuiomba. Mtaa mzima ukawa unalia kengele kama shule.

Kusajili jina? Thubutu!

"Mtoto nimzae mimi, halafu niombe kibali cha kumwita?" alimwambia dada yake, muuza vitambaa wa kibanda cha pili.

"Haya, jivune, mwanamume. Watakuja wenye suti, nitakuona."

Wakaja kweli. Kampuni moja ya ghorofani ikatoa programu yake, kazi ileile, jina lilelile, nao wakalisajili. Wakalalamika kwenye duka la programu la mtandaoni, ya Mikono ikafutwa. Angebadili jina upesi angepona. Wapi! Kichwa kikampanda, akairudisha kwa jina la Nikumbushe Halisi. Ikafutwa tena, na safari hii yeye mwenyewe akafungiwa mlango wa duka hilo.

Watu walipoitafuta Nikumbushe wakaikuta ya kampuni, imejaa matangazo, kengele yake inalia ikipenda. Wakadhani ni ileile.

"We Mikono, nimekosa sindano ya kisukari, nimeamkia hospitali!" mzee mmoja alifoka.

"Si yangu hiyo, mzee wangu."

"Jina si lako? Si wewe uliyetupigia kelele nalo hapa?"

Simu za kutengeneza zikahamia kwa mafundi wengine, kibanda kikafungwa.

Kampuni ileile ikamwajiri kujibu malalamiko ya wateja. Msicheke, tumbo halina aibu. Majibu yaliandikwa tayari, yeye kazi yake kubandika tu.

Asubuhi moja likaingia la mama mshonaji, mteja wake wa zamani: "Hii aliitengeneza kijana wetu wa kibandani, nyie mmeiharibu. Mtafuteni, atawaonyesha."

Mikono akalisoma, akalirudia. Msimamizi akasimama nyuma ya kiti chake.

"Mbona hujibu?"

Akabandika: "Ndugu mteja, Nikumbushe ni kazi ya kampuni yetu tangu mwanzo. Hatumfahamu mtu huyo."

Akatuma. Akafungua lililofuata.