Neno Nililoweka Juu ya Majina

Kazi yangu ni kompyuta za kliniki moja pale Noonkopir, Kitengela. Siku moja nesi aliniomba orodha ya akina mama waliokosa kurudisha watoto kwa chanjo. Nilipoitafuta kwenye hifadhidata, niliunganisha jina la kwanza na la pili. Sasa, ukiunganisha hivyo bila kusema safu ya majina hayo iitweje, hifadhidata haijisumbui kukubunia jina. Inakuwekea alama za kuuliza hapo juu, basi. Inabidi uongeze neno dogo, AS, halafu jina unalotaka. Lolote lile. Haibishi.

Nilikuwa na njaa na kiburi. Niliandika AS wazembe, nikacheka peke yangu, nikasema nitabadilisha baadaye. Sikubadilisha. Nesi alichapisha karatasi, akaibandika mlangoni bila kusoma kichwa.

Kesho yake nilimkuta mama mmoja Mmaasai pale mlangoni, mtoto mgongoni, kidole kwenye karatasi. Alikuwa ameanza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, na jina lake alilijua.

"Hii ni mimi," aliniambia kwa furaha. "Na hapa juu wameandika nini?"

Ningeomba msamaha pale pale, yaishe. Nikadanganya.

"Wageni. Wale tunawangojea."

"Kumbe mnaningojea. Ashe oleng."

Hiyo asante ilinichoma. Alitoa daftari, akanakili lile neno herufi moja moja ili amwonyeshe mwalimu wake. Alipofika kwenye Z aliniuliza kama ameigeuza vizuri. Nikamwambia ndiyo.

Alipoingia kwa nesi nilikimbia kubadilisha jina la safu. Hifadhidata ilikubali bila swali, nikachapisha karatasi nyingine. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na daftari lilikuwa kwenye mkoba wake.

Alirudi mwezi uliofuata. Alisalimia benchi nzima, mmoja mmoja, kisha akaja mezani kwangu na kufungua daftari. Lile neno lilikuwa bado pale. Chini yake alikuwa ameandika mstari wake mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda.

"Leo soma vile imeandikwa," alisema. "Kwa sauti."

Nikasoma, benchi nzima ikisikia.

"Wazembe. Mtoto wangu alikuwa amelazwa Kajiado."

Akafunga daftari, akaenda kupanga foleni.