Kisu cha Mpekuzi

Mpekuzi wa mabegi wa shule hii ni bibi mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na watoto wanamwita Bi Zipu. Asubuhi humkuti pengine ila getini, nyuma ya meza ya mbao, kavaa raba za kiume na koti la kaki ambalo vifungo vyake vimekata tamaa ya kukutana. Mtoto akifika anaweka begi mezani. Bi Zipu anafungua, anatia mkono mpaka chini, anauliza habari za mama na mdogo aliyekuwa na surua, anafunga, haya pita. Hajawahi kulifungua begi bila kusema neno, na kama hana neno anakohoa.

Hakuzaliwa mpekuzi. Alianza hapa kama mfagiaji wa madarasa, na miaka hiyo shule haikuwa hata na geti. Palikuwa na nguzo mbili tu, watoto wakipita katikati na mbuzi wakipita pembeni, na kazi ya ulinzi ilikuwa kuwafukuza hao mbuzi. Halafu ikaja hofu. Ilikuja kwa simu, kama inavyokuja siku hizi kila kitu. Katika shule moja ya mbali mtoto alimkata mwenzake, na habari ilipofika mtaani hapa ilikuwa imetiwa chumvi mpaka mtoto mmoja amekuwa kundi na kisu kimekuwa bunduki. Wazazi walijaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, wengine wamebeba watoto ambao hata kutembea hawajaanza.

Ukuta ukajengwa, geti likatiwa, na sheria ikatangazwa mstarini. Mtoto atakayekutwa na kitu chenye makali, chenye ncha, au chenye sura tu ya silaha, atarudishwa nyumbani akamlete mzazi, na mzazi akifika ataambiwa amkalishe mwanawe nyumbani mpaka muhula ujao. Ikabaki kumpata mtu wa kupekua. Walimu walitazamana, kisha wakamtazama mfagiaji.

Aliifanya kazi hiyo kwa raha zote, na sisemi uongo, alikuwa na kipaji nayo. Alikamata manati, mikuki ya vijiti, panga la boksi lililopakwa rangi ya fedha. Siku moja alitumbukiza mkono akautoa umejaa matope, kumbe mle mlikuwa na bastola ya udongo iliyofinyangwa asubuhi hiyo hiyo, bado mbichi. Vitu vyenye sura tu ya silaha alikuwa akivichukua kimyakimya na kumsukuma mwenyewe ndani, maana kama angeifuata sheria neno kwa neno, shule ingebaki na walimu peke yao. Na hata walimu hawakusalimika. Mwalimu wa hesabu alizuiwa getini na bikari yake kubwa ya ubaoni, ile yenye mguu wa chuma, na mabishano yao yalichelewesha kengele.

Lakini kisu ni kisu, na hapo Bi Zipu hakuwa na ujanja. Siku alipokuta kijisu cha kukatia soli katika begi la binti wa fundi viatu, alifanya alivyoagizwa. Mtoto alieleza kwa woga: baba kamtuma akakipitishe kwa mnoaji akitoka shule. Akaambiwa anyamaze, hakuna aliyemsikiliza. Wazazi waliokuwa wakileta watoto walishaanza kupiga picha. Fundi viatu alikuja na aproni yake ya ngozi, akaomba, akaapa, akasimama ofisini kama mtuhumiwa, na jibu likawa lile lile. Mitihani ya kupandia darasa ilikuwa imekaribia. Binti akae nyumbani, na darasa alirudie.

Bi Zipu alijitia hamnazo. Alijiambia kwamba sheria si yake, yeye ni mkono tu. Hata hivyo, tangu siku hiyo akawa anazunguka njia ya nyuma kurudi nyumbani, kwa sababu njia ya mbele inapita kwenye benchi la fundi viatu.

Sasa, Bi Zipu anaishi na mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne mwenye alama nyeusi shavuni, ndiyo maana wanamwita Kidoti. Mama yake Kidoti anafanya kazi ya zamu kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kwa hiyo asubuhi ni ya bibi na mjukuu. Na asubuhi ninayoisema ilikuwa ya vurugu. Maji yalikatika, chai ilimwagika, kiatu kimoja cha Kidoti kilikuwa hakionekani. Bi Zipu akamenya machungwa mawili kwa haraka, akayaviringisha kwenye kitambaa, akakisokomeza kitambaa ndani ya begi, akatoka mbio kuwahi meza yake. Kidoti akafuata baadaye na wenzake.

Watu wote wanajua kwamba begi la Kidoti hupekuliwa kuliko mabegi yote. Bi Zipu hataki mtu aje kusema anapendelea damu yake. Basi akatoa madaftari, akatikisa mkebe wa kalamu, akakunjua kile kitambaa. Machungwa yalikuwepo. Katikati yake kilikuwepo kisu, chenye mpini uliofungwa mpira mweusi, kisu ambacho amekatia vitunguu kwa mkono wake mwenyewe tangu mama yake Kidoti akiwa mchanga.

Alitazama kushoto, kulia. Mgongo wake mpana ulikuwa umeziba meza yote, na nyuma ya Kidoti watoto walikuwa wanasukumana kugombea nafasi kwenye foleni. Hakuna aliyeona ila mjukuu, na mjukuu alikuwa amekodoa macho.

"Bibi," alinong'ona, "sikukitia mimi."

"Najua. Nyamaza."

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo mno: kukikunja kitambaa, kukitia mfuko wa koti, na kusema haya pita. Mkono wake ulishaanza kukunja, nawaambia ukweli. Ila macho ya Kidoti yalikuwa na ule woga aliouona kwa binti wa fundi viatu, na mtoto yule naye alikuwa ameambiwa anyamaze. Bi Zipu aliona aibu, aibu ya kumpandisha joto masikioni. Akakishika kisu kwa mpini, akakiinua juu ya kichwa chake, akaita kwa ile sauti yake:

"Mwalimu Mkuu! Njoo, nimekamata kisu!"

Foleni ilipiga kelele na kurudi nyuma. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini mbio, kikombe cha chai mkononi, tai imemwangukia begani. Ni mwanamume mwembamba, mpole, ambaye tangu sheria ile itangazwe amekuwa akilala na simu chini ya mto.

"Cha nani?"

"Changu," alisema Bi Zipu. "Nimekifunga mwenyewe na machungwa ya mtoto, kwa haraka zangu."

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. "Ah, mama nawe! Umenitoa roho. Basi yaishe. Kidoti, ingia darasani. Mama, kitie mfukoni hicho, tuendelee na kazi."

"Na yule wa fundi viatu?"

"Yule ni habari nyingine."

"Nyingine kivipi, mwalimu wangu? Na yeye kisu kilikuwa cha baba yake."

"Wewe tunakufahamu."

"Na yeye tangu darasa la kwanza anapita hapa. Tulikuwa hatumfahamu?"

Kundi la wazazi lilikuwa limeshajikusanya, na Mwalimu Mkuu, ambaye hapendi kuulizwa mbele za watu, alipandwa na hasira. "Haya! Kama unataka sheria, sheria hii hapa. Aliyekutwa na silaha aende nyumbani akamlete mzazi!"

Alidhani amemkata kauli. Bi Zipu akavua koti la kaki, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza.

"Namfuata," alisema, akaondoka.

Wengi hawakujua kwamba mpekuzi wetu ana mama. Anaye, tena wa nguvu, kikongwe mdogo mkavu anayekaa kwa mwanawe wa kiume mtaa wa pili na kugombana na redio. Bi Zipu alipofika naye getini, mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa akipekua badala ya Bi Zipu, na foleni ilikuwa bado ndefu, kwa sababu alikuwa akifungua hadi vifuniko vya kalamu. Akaiona fimbo ya kikongwe.

"Samahani, bibi. Fimbo hairuhusiwi ndani."

"Sawa, baba," alijibu kikongwe, akamkabidhi fimbo. "Haya, inama unibebe."

Mwalimu wa hesabu aliitazama fimbo, akamtazama mwenye fimbo, akairudisha kwa mikono miwili.

Ofisini kikongwe alikataa kiti mpaka aelezwe kosa la mwanawe. Alielezwa. Akakaa, akamtazama binti yake mwenye mvi, kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu," alisema, "hii ni mara ya pili naitwa shule hii kwa ajili ya huyu. Ile ya kwanza unajua alifanya nini? Alikuja bila panga."

"Bila panga?"

"Enzi hizo kila Ijumaa watoto walikuja na mapanga na mafyekeo kufyeka uwanja. Wanasimama mstarini, panga begani, mwalimu anakagua makali. Huyu hapa alisahau lake. Akachapwa, akafukuzwa, akaambiwa akamlete mzazi. Nikaja mbio na panga langu la shamba. Mwalimu akaniambia, mama, mtoto asiyekuja na panga atakuwa mtu wa ovyo. Nikaomba radhi. Leo naambiwa aliyekuja na kisu ndiye wa ovyo. Nitaomba radhi, sikatai. Lakini miguu inaniuma, mwanangu. Niambieni kabisa mara ya tatu mtataka nini, nije nacho."

Mwalimu Mkuu alijaribu kujizuia. Alikaza midomo, akashika kikombe kisicho na chai, kisha kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akafuta macho kwa tai. Bi Zipu naye alikuwa hoi. Ni kikongwe peke yake aliyekaa kimya, akisubiri jibu.

Kicheko kilipokwisha, Mwalimu Mkuu akasema taratibu, "Mama, mimi naogopa. Siku kikitokea cha kutokea, wataniuliza nilikuwa wapi."

"Ogopa," alisema kikongwe. "Hata yule mwalimu wa mapanga aliogopa. Majani yalikuwa na nyoka, na mtoto alikuwa ameshaumwa. Hakuwa mwendawazimu. Ila hata yeye hakumuuliza mtoto lolote."

Hapo Mwalimu Mkuu aliweka kikombe mezani. Alikuwa baba pia, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto wanaosahau vitu mabegini. Mwishowe akaamua: visu vitaendelea kuchukuliwa, wazazi wataendelea kuitwa, lakini mtoto ataulizwa kwanza na kusikilizwa, na asiye na nia mbaya ataingia darasani siku hiyo hiyo. Wazazi wenye simu atawakabili yeye.

"Nitamwagiza mtu kwa fundi viatu," alisema.

"Usimwagize mtu," alisema Bi Zipu. "Niliyemtoa mtoto getini ni mimi."

Jioni hiyo alipita njia ya mbele. Fundi viatu alimwona akija, akainamia kiatu. Bi Zipu alisimama mbele ya benchi, akasema alichokuja kusema, kwamba binti arudi shule kesho, akaongeza kwamba anaomba radhi, na kwamba hakulala vizuri. Fundi aligonga misumari bila kuinua kichwa. Alipomaliza akasema, "Amezoea kulia akisikia kengele," akachukua kiatu kingine.

Asubuhi iliyofuata walikuja wote wawili, baba mbele, binti nyuma. Foleni iliwapisha. Binti alikuwa amekumbatia madaftari yake yote kifuani, kalamu ameziuma kwa meno, na begi amelining'iniza mkononi likiwa limepinduliwa nje-ndani, bitana juu, mifuko yote imetolewa ulimi, ili kila mwenye macho aone kwamba hamna kitu.

Bi Zipu alikosa neno. Hata kukohoa hakukohoa. Alilichukua begi, akaligeuza taratibu, akazirudisha pembe zake kwa vidole. Akapokea madaftari, akaanza kuyatia ndani moja moja, la hesabu, la sayansi, akiyapanga kwa ukubwa, machozi yakimlenga na wala hajali nani anamwona. Binti aliitoa kalamu ya mwisho mdomoni, lakini hakumpa. Alikuwa anaitazama ile mikono minene ikiingia na kutoka kwenye begi lake, anaitazama kwa makini sana.

"Bibi," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni, "taratibu. Usije ukanitilia kisu."

Aliyeanza kucheka alikuwa fundi viatu.