Mama Zipora wa Thornton Heath na Pilau Lisiloombewa

Zipora Mghoi alizaliwa kwa haraka mwaka 1938 huko Wundanyi, katika milima ya Taita, wiki tatu kabla ya siku iliyotarajiwa, na kwa ushahidi wa dada zake hakutulia tena. Kanisani alisali akiwa amesimama karibu na mlango, kana kwamba Bwana angemtuma dukani wakati wowote. Mwaka 1991, akiwa mjane, alikwenda London kumlea mjukuu, akaajiriwa kuwatunza wazee wa watu huko Thornton Heath, kusini mwa jiji. Kati ya shifti na shifti alipanda basi akiomba kwa sauti, na abiria walimpisha kiti bila kuombwa.

Jaribu lake kubwa lilimjia Oktoba 1998, mwezi ambao watu weusi wa Uingereza huadhimisha historia yao. Waafrika Mashariki wa mtaa waliandaa siku yao: ngoma, kanga, picha za mababu na chakula. Mwenyekiti alikuwa Telesphor, Mtanzania mpole aliyeogopa barua. Wenye ukumbi walimwandikia kwamba wakifanya ibada hawatapewa ukumbi tena, na mwingine haukuwepo. Telesphor akafuta sala kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu, kisha akamwendea Zipora, maana alimjua.

"Mama, nipe neno lako. Hutaomba."

Zipora alihangaika siku tatu. Wale mababu walivuka mateso wakimshika Mungu. Je, zitundikwe picha zao na Mungu wao afichwe? Lakini watoto waliozaliwa London, walioulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, walikuwa na siku hiyo moja tu ya kujiona. Akatoa neno, shingo upande.

Siku ilipofika, watu mia mbili walipanga foleni mbele ya sufuria ya pilau, na hakuna aliyesogea. Telesphor alikuwa amefuta sala ya kwenye karatasi, akasahau ya kwenye sahani: kwao chakula hakiliwi bila kuombewa. Zipora alishika upawa, akarudisha kifuniko.

"Mama, pakua," Telesphor alinong'ona.

"Nilikupa neno kwamba sitaomba. Sikukupa neno kwamba nitapakua."

"Watu wana njaa!"

"Hata mimi. Tena nimelipika mwenyewe."

Zikapita dakika ishirini na mbili. Watoto walilia, na mzee mmoja akasema utakatifu wa namna hiyo ungesubiri watu washibe. Zipora alihamisha uzito mguu huu hadi ule, jasho likimtiririka. Ndipo Bi Mwanabaraka, Mpemba muuza vitambaa, alipoipita foleni yote na sahani yake.

"We Zipora, mie nina sukari, utaniua! Bismillahi. Haya, nipakulie."

Zipora alijua maana yake, ila aliuliza ili wote wasikie. "Ndiyo kusemaje, Bi Mwana?"

"Kwa jina la Mungu. Kwani weye wataka kwa jina la nani?"

"Amina!" akapaza sauti Zipora, na ukumbi mzima ukaitikia. Mlinzi wa ukumbi aliripoti kwamba mama mmoja alishukuru kabla ya kula, jambo lisilokatazwa.

Kasisi wa Zipora hakuridhika hivyo. Alimwondoa katika uongozi wa akina mama mwaka mzima kwa kuitikia dua ya Mwislamu. Zipora alikubali, akaosha vikombe vya kanisa, lakini moyo haukutulia. Februari 2006, akiwa mahututi, alimshika Mwanabaraka mkono. "Nilivunja neno langu?"

"Hukuomba," alijibiwa. "Uliitikia."

Hapo miguu yake ikatulia, naye akafa kwa amani.

Wapo wanaosimulia kwamba pilau la siku ile halikwisha. Waliochelewa wanashuhudia kuwa liliisha kabisa. Muujiza ni kwamba kila Oktoba, katika ukumbi uleule, yeyote aliye karibu na sufuria hulitaja jina la Mungu kwa lugha ya kwao, na wengine huitikia, watoto wakiwa wa kwanza. Anayetaka kumwiga Mama Zipora asianze na miujiza. Aanze na dakika ishirini na mbili za kunung'unikiwa na watu anaowapenda, huku upawa uko mkononi mwake.