Kipande cha Mbao cha Kuwekea Jeki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilivyoaibika mbele ya bibi mmoja wa Goba, mvua ikininyeshea na matope yamenifika magotini. Nilikuwa dereva wa jeshi, kijana kama wewe unayeondoka leo. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoacha kupangiwa foleni na mitumba ikaanza kujaa mitaani.

Lori nililokabidhiwa lilibeba vifaa vingi: sepetu, sururu, shoka, kila kimoja na mkanda wake ubavuni. Kulikuwa na waya mnene wa kuvutia magari, na ndoo ya turubai inayokunjika kama kofia. Mie nilikuwa mdadisi, nikawasumbua watu kikosini. Ndoo ya kitambaa inashikaje maji? Sajenti Mapunda, mtu mzima aliyenifundisha kazi, aliijaza mbele yangu. Ilivuja kidogo, kisha ikaacha. "Nyuzi zikilowa zinafura," akasema, "zinaziba zenyewe." Nilifurahi kama mtoto.

Lakini nyuma ya kiti changu palikuwa na kipande kinene cha mbao, kimechafuka kwa grisi. Hicho sikukiulizia. Mbao ni mbao, nikajiambia. Nikakipeleka nyumbani Ukonga, mke wangu akawa anakikalia akipika. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nami wangu ulikuwa njiani kuota.

Masika yakaja. Tukatumwa Goba kuhamisha watu walioingiliwa na maji. Enzi hizo Goba ilikuwa vilima na mashamba, nyumba za kuhesabu. Tulipokuwa tunateremka, gurudumu la nyuma likazama, lori likainama mpaka likagusa ukuta wa nyumba ya udongo. Ndani walikuwamo bibi mwenye nyumba na binti yake, mgonjwa asiyeweza hata kugeuka kitandani.

Tukaweka jeki. Kila nilivyoipiga, jeki ndiyo ikawa inazama, lori halinyanyuki.

"Lete ile mbao," Sajenti akasema. "Jeki inataka pa kukanyaga."

Nikaendelea kupiga jeki.

"Iko wapi?"

"Nyumbani, afande. Mke wangu anaikalia."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Ukuta ukatoa ufa, udongo ukaanza kudondoka mbele ya chumba cha mgonjwa, hata kuingia kumtoa ikawa hatari.

Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, akauliza, "Mlango wangu hautafaa?"

"Utavunjika, bibi," nikamwambia.

"Mlango utatengenezwa mwingine. Mwanangu yumo humu. Ng'oeni!"

Tukaung'oa, tukaulaza matopeni, jeki juu yake. Safari hii lori likanyanyuka. Mbao zikaalika, lakini tulishajaza mawe chini ya gurudumu. Lori likatoka. Ukuta ukabaki umesimama, na yule binti tukambeba na godoro lake hadi garini. Mlango ulikuwa vipande viwili.

Tuliporudi kikosini, Sajenti aliniambia maneno machache tu. "Uliniuliza kila kilichokupendeza. Hicho kichafu ukajiona unakijua."

Maji yalipokauka nilimpelekea bibi mlango mpya, nikaufunga kwa mikono yangu. Alinikalisha, akanipa chai, akataka nimweleze kila kifaa kilichokuwa kwenye lori lile. Binti yake naye, amekaa kitako sasa, akauliza maswali mpaka chai ikapoa. Hawakuacha hata kifaa kimoja.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukitazama kitu mara moja ukadhani umekimaliza. Ukikuta kitu mahali pake, hata kama ni kibovu machoni, jua kuna aliyekiweka kwa sababu. Itafute sababu hiyo kabla hujakiondoa. Na watu ni hivyo hivyo: yule asiyependeza, asiyesema, mkaribie umuulize habari zake.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama na ulimi usioona haya kuuliza. Akujaalie watu watakaokujibu kwa upole. Nenda salama, mwanangu.